Ukocha si kiinua mgongo

Kila ligi inapomalizika wapo wachezaji wanaovua jezi wasiivae tena, na kila mwaka taifa hulipita swali lile lile bila kulijibu: ujuzi ambao vijana hawa wameukusanya uwanjani kwa miaka kumi au kumi na mitano unakabidhiwa kwa nani? Wachache huonekana msimu unaofuata kwenye benchi la ufundi, wengine hupewa usaidizi kwa heshima ya majina yao, na walio wengi hurudi walikotoka bila mtu kuwauliza wanajua nini. Gazeti hili linaona kwamba jambo hili haliwezi kuendelea kuachiwa bahati, urafiki na huruma ya viongozi wa klabu. Anayetoka kwenye uchezaji na kuingia kwenye ukocha haendi kupumzika. Anakwenda kupokea dhamana ya miili na maisha ya watu wengine, na wengi wa watu hao ni watoto.

Dhamana hiyo hupimwa vibaya inapopimwa kwa viwanja vya Dar es Salaam peke yake. Pa kuipimia ni pale ambapo kamera hazifiki. Ichukuliwe Kasekese, kata ya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka zilipo ofisi za Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF. Mkoa huu uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 ulihesabiwa katika sensa ya 2022 kuwa na watu 1,152,958, na sehemu kubwa yao ni watoto na vijana. Mtoto wa Kasekese anaupenda mpira kama anavyoupenda mtoto wa Temeke au wa Ilala. Ana miguu, ana pumzi na ana wenzake wa kucheza nao. Anachostahili kupata, na ambacho nchi haijampa uhakika wa kukipata, ni mtu mzima aliyefundishwa namna ya kufundisha. Kama mfumo wa kuwageuza wachezaji kuwa walimu wa mchezo hauwezi kumfikia mtoto huyo, basi mfumo huo haujakamilika, hata kama kwenye makaratasi unapendeza.

Tuanze na hoja ya wanaosema kuwa mchezaji mzuri amekwisha kuhitimu. Hoja hii ina uzito wake, na historia yetu inaiunga mkono kwa kiasi. Abdallah Kibadeni, aliyefunga mabao matatu siku Simba ilipoifunga Yanga 6-0 mwaka 1977, ndiye aliyekuwa kocha wa Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Charles Boniface Mkwasa alitoka kwenye kiungo cha Yanga na Taifa Stars hadi kukabidhiwa timu ya taifa mwaka 2015. Mecky Maxime aliiongoza Mtibwa Sugar akiwa nahodha, kisha akaiongoza akiwa kocha. Selemani Matola, nahodha wa Simba iliyowatoa Zamalek mwaka 2003, ametumikia miaka mingi benchi la klabu hiyo hiyo. Watu hawa walileta kwenye ufundishaji kitu ambacho darasa haliwezi kukitoa: kumbukumbu ya mwili, yaani kujua dakika ya themanini inavyolemea miguu, uwanja uliojaa unavyoziba masikio, na mchezaji aliyekosa penalti anavyohitaji kuzungumziwa usiku ule.

Lakini hoja hiyo ikiachwa isimame peke yake huanguka. Emmanuel Amunike alicheza Barcelona, akafunga mabao mawili katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1994 na bao la ushindi katika fainali ya Olimpiki mwaka 1996. Akiwa kocha aliipa Nigeria Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2015, na ndiye aliyeirudisha Taifa Stars kwenye fainali za Afrika mwaka 2019 baada ya miaka 39. Hayo yote hayakuizuia Stars kupoteza mechi zake zote tatu kule Misri, wala hayakumlinda na kuondolewa. Haki inataka isemwe kuwa timu aliyoikuta haikuwa imejengwa kwa fainali kama zile. Hata hivyo funzo linabaki: medali ya mchezaji haihamii kifuani mwa wanafunzi wake. Kila siku ya ukocha ni mtihani mpya, na anayeingia humo akitegemea sifa za jana amekwisha kuwakosea wale anaowaongoza.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufundisha. Mchezaji hodari hufanya mambo mengi bila kuyafikiria. Mguu wake huamua kabla ya akili kupata maneno ya kueleza. Kocha anadaiwa maneno hayo. Anadaiwa kuligawa tendo moja katika hatua ambazo mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuzifuata, kujua ni mazoezi gani yanajenga goti na yapi yanaliumiza, kupanga wiki, mwezi na msimu, kusoma mchezo wa wapinzani, na kusimama mbele ya watu ishirini na watano huku akijua kuwa kumi na moja tu watafurahi. Mchezaji hujibu kwa nafsi yake. Kocha hujibu kwa wote, pamoja na yule asiyempanga. Kazi hizi mbili zinakutana uwanjani lakini zina shule tofauti, na kipaji katika ya kwanza hakimpunguzii mtu hata somo moja la ya pili.

Ndiyo maana Shirikisho la Soka Afrika, CAF, limeweka ngazi za leseni zinazoanzia D, kupanda C, B na A, hadi Pro. Nchi hii ilikumbushwa uzito wa ngazi hizo mwaka 2021, pale Didier Gomes alipozuiwa kukaa kwenye benchi la Simba katika michuano ya Afrika kwa kukosa leseni iliyotakiwa, na klabu ikalazimika kumleta Hitimana Thierry. Wapo waliolalamika kuwa karatasi imeushinda mpira. Gazeti hili lilitazama na bado linatazama vingine. Haturuhusu mtu kushika usukani wa basi la abiria kwa sababu tu amekuwa akisafiri na mabasi miaka ishirini. Tunamtaka apite kwenye mafunzo na athibitishwe. Kanuni inayomgusa aliye juu, tena mgeni mwenye jina, ndiyo inayompa wa chini sababu ya kuiheshimu.

Kwa msingi huo huo tunalaani desturi ya kuazima leseni, ambayo imenong'onwa muda mrefu katika soka letu: jina la mwenye cheti huandikwa kwenye fomu na kiti chake huwekwa benchi, lakini kazi hufanywa na mwingine. Wanaoitetea husema kwamba inamsaidia mzawa mwenye uwezo asiye na vyeti. Kwa kweli inamdhuru mzawa huyo kuliko yeyote. Inamfundisha kuwa njia ya mkato ipo, inamwondolea haraka ya kwenda kusoma, na siku mkaguzi wa CAF anapofika, ndiye anayeambiwa asogee pembeni. Shirikisho linaloona desturi ya namna hiyo na kunyamaza haliwezi baadaye kushangaa kwa nini makocha wa kigeni wanashika benchi za klabu zetu kubwa.

Sasa tuupe nafasi upande wa pili, kwa sababu malalamiko ya wachezaji wa zamani hayatokani na uvivu tu. Kozi ina ada. Kozi huchukua siku ambazo mtu mwenye familia haendi shambani, dukani wala kazini. Kwa mtu anayeishi Katavi, kuhudhuria kozi Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza kuna nauli, malazi na chakula juu ya ada yenyewe. Nafasi za ngazi za juu ni chache, na anayezipata mara nyingi ni yule aliye karibu na anayezitoa. Mchezaji aliyestaafu Ligi Kuu akiwa na akiba kidogo anaweza kuzibeba gharama hizi kwa taabu. Aliyecheza ligi ya mkoa, ambaye mpira haukuwahi kumlipa mshahara, hawezi. Mamlaka inayodai leseni ina haki ya kuidai. Lakini haki hiyo inakwenda na wajibu wa kuhakikisha kuwa leseni inafikika. Kudai bila kuwezesha ni kufunga mlango na kumlaumu aliyebaki nje.

Hapa ndipo Kasekese inapokuwa kipimo cha kweli. Watu wanaohitajika katika kata kama hiyo hawana majina makubwa. Ni yule aliyewahi kucheza timu ya kata na kuchaguliwa timu ya wilaya, aliyefanya majaribio klabu ya daraja la kwanza akarudi nyumbani na goti bovu, mwalimu wa shule ya msingi anayepewa timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, kwa sababu tu yeye ndiye kijana katika chumba cha walimu. Hao ndio wanaoshinda na watoto. Kwao leseni D, yenye mafunzo ya msingi ya kufundisha watoto, ina thamani kubwa kwa taifa kuliko leseni A ya ziada katika jiji lenye makocha tele. Kozi ya ngazi hiyo haihitaji uwanja wa kisasa. Inahitaji mkufunzi aliyetumwa, darasa la shule wakati wa likizo, mipira, na chama cha soka cha mkoa kinachojua wajibu wake. Kama mkufunzi anaweza kufika Mpanda kwa treni au kwa basi, anaweza kufika Kasekese.

Kinachoogopesha katika ukosefu wa mafunzo si kupoteza mechi. Ni usalama wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka ustawi wa mtoto ulindwe na aepushwe na unyanyasaji, na ni vigumu kufikiria mtu mwenye mamlaka zaidi juu ya mtoto, nje ya mzazi na mwalimu, kuliko kocha anayeamua nani acheze na nani asafiri na timu. Kocha asiyesajiliwa na chombo chochote, asiyepita kwenye mafunzo ya maadili, hana wa kumwita kujieleza akikosea. Mazoezi ya kupita kiasi, matusi yanayoitwa ukali, safari za usiku bila ruhusa ya wazazi, na maovu mazito kuliko hayo, hustawi pale ambapo hakuna rejesta wala mwenye kuuliza. Jina la uchezaji halimpi mtu kibali cha kukaa na watoto wa wenzake. Kibali hicho hutolewa kwa uchunguzi na kinaweza kunyang'anywa.

Iko pia dhamana ya ukweli. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 ilienguliwa kwenye fainali za Afrika kwa kosa la kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Lawama zilienda kwa viongozi, na ndivyo ilivyopasa. Lakini udanganyifu wa umri hauanzii makao makuu. Huanzia kwenye timu ya kata, pale kocha anapomwambia mtoto ataje mwaka usio wake ili kombe la wikiendi lipatikane. Mtoto anayefunzwa kusema uongo na mtu anayemheshimu kuliko wote hujifunza somo ambalo hakuna semina itakayolifuta baadaye. Kocha aliyefundwa vema hujua kwamba ushindi wa watoto chini ya miaka kumi na minne hauna thamani ya kununuliwa kwa tabia zao.

Wajibu wa kusimamia haya una wenyewe. Baraza la Michezo la Taifa, BMT, liliundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, na halikuundwa ili kupokea timu uwanja wa ndege. Linayo mamlaka ya kuvitaka vyama vyote vya michezo vieleze vina makocha wangapi waliofuzu, wako wapi, na vina mpango gani kwa wachezaji wanaostaafu. Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, wilayani Kwimba, kipo; kinaweza kuwa daraja kati ya uchezaji na ualimu wa mchezo kwa kanda nzima ya ziwa na ya magharibi, kama wizara itakipa wakufunzi, nyenzo na nafasi maalumu kwa wanamichezo waliostaafu. Maofisa michezo wa halmashauri wapo kwenye muundo. Ofisa ambaye hajui kwa majina wanaofundisha watoto katika kata za wilaya yake hana taarifa ya kwanza ambayo kazi yake inaitaka.

Tunajua jibu litakalotolewa: halmashauri za pembezoni zina shida kubwa zaidi. Kuna zahanati zinazosubiri kuezekwa, visima vinavyosubiri kuchimbwa, barabara zinazokatika masika. Hoja hii ni nzito na hatuibezi. Hakuna mhariri mwenye dhamiri atakayeweka mpira mbele ya maji. Lakini kinachoombwa hapa si uwanja wa mabilioni. Ni kozi ya siku chache kwa watu wachache katika kila kata, mara moja kwa mwaka. Wilaya hii ya Tanganyika imeionyesha nchi kwamba pembezoni panaweza kupanga na kutekeleza: vijiji vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata vimepata fedha za hewa ukaa na kuzielekeza kwenye madarasa na huduma za afya. Mahali penye uwezo wa kusimamia mradi wa namna hiyo hapashindwi kusimamia orodha ya makocha. Penye kushindwa, kilichokosekana ni uamuzi.

Klabu kubwa nazo zina deni. Zinavuna vijana kutoka mikoa yote, huwatumia kwa miaka ambayo mtu mwingine angekuwa chuoni au akijifunza ufundi, kisha huwaaga kwa fulana yenye jina na picha mbele ya mashabiki. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa si maua ya siku ya kuagwa. Mkataba wa mchezaji anayefikisha miaka 28 ungepaswa kuwa na kipengele cha masomo: ada ya kozi ya kwanza, ruhusa ya kuhudhuria, na nafasi ya kusaidia timu za vijana za klabu akiwa bado anacheza. Gharama yake ni ndogo mbele ya fedha zinazotumika kumsajili mgeni mmoja asiyemaliza msimu. Klabu isiyofanya hivyo humtumia mtu na kumwacha, na baadaye hulalamika kuwa hakuna mzawa wa kumpa timu.

Hata pale mzawa anapopatikana, anatumiwaje? Juma Mgunda, aliyekuwamo katika Coastal Union iliyotwaa ubingwa mwaka 1988, alikabidhiwa Simba kwa muda Septemba 2022 na akaivusha hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Miezi michache baadaye kiti kikapewa mwingine. Hemed Suleiman aliichukua Taifa Stars katikati ya fainali za Afrika kule Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, akaifuzisha fainali zilizofuata na kuifikisha robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwaka 2025. Novemba mwaka huo, kabla ya timu kwenda Morocco kwa fainali hizo za Afrika, TFF ikaachana naye na timu ikapewa mgeni, Miguel Gamondi. Shirikisho lina haki ya kuchagua kocha linayemwona anafaa, na hakuna anayestahili kazi kwa sababu ya pasipoti yake tu. Lakini taasisi ikimtafuta mzawa moto unapowaka na kumweka kando moto unapozimika, huwaambia wachezaji wote wanaofikiria kusomea ukocha kwamba mwisho wa safari yao ni kushikilia nafasi za watu. Shirikisho linadaiwa maelezo ya vigezo vyake, yatolewe hadharani, yawe yale yale kwa mzawa na kwa mgeni.

Wanawake wako nyuma zaidi katika foleni hii. Serengeti Girls, chini ya Bakari Shime, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2022 kule India. Wasichana wale watastaafu siku moja, na wapo waliowatangulia, kama Ester Chabruma aliyevaa jezi ya Twiga Stars kisha akaingia kwenye ukocha. Njia aliyopita isibaki ya mtu mmoja mmoja. Mzazi wa kijijini anayesita kumruhusu binti yake kwenda mazoezini mara nyingi hasiti kwa sababu ya mpira wenyewe. Anajiuliza atakuwa mikononi mwa nani. Jibu lenye nguvu kuliko hotuba yoyote ni kocha mwanamke, mwenye leseni, anayefahamika kwenye kata. Kila kozi ya ngazi ya chini inayofanyika bila nafasi zilizotengwa kwa wanawake inamnyima mzazi huyo jibu.

Wala soka haliko peke yake. Medali pekee za Olimpiki ambazo nchi hii imewahi kupata, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui mwaka 1980 mjini Moscow, zililetwa na watu ambao baadaye walifundisha, Bayi akajenga shule Kibaha, Nyambui akafundisha hadi Brunei. Tunawaheshimu kwa hilo. Lakini ni aibu kwa mamlaka kwamba ujuzi wa kiwango kile ulitegemea juhudi na hiari ya mtu binafsi ili ubaki, na sehemu yake ikatumika ughaibuni. Zaidi ya miaka arobaini baada ya Moscow hakuna medali ya tatu. Yapo maelezo mengi ya ukame huo. Moja lisiloweza kukwepwa ni kwamba hatukujenga utaratibu wa kizazi kilichoshinda kukifundisha kizazi kinachofuata.

Na sasa umekuja mchezo mpya unaolipeleka swali hili mbele zaidi. Michezo ya kielektroniki, ambayo wengi wetu huiona tu kwenye mabanda ya gemu, imekuwa kazi ya kulipwa duniani. Jirani yetu Kenya ilimwona Sylvia Gathoni akisajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 kwa umahiri wake katika Tekken. Katika michezo hii mtu huweza kuitwa mkongwe kabla hajafikisha miaka thelathini, kwa hiyo swali la ukocha humfikia mapema kuliko mchezaji wa soka. Walioendelea wamelijibu. Danny Sørensen wa Denmark aliacha kucheza Counter-Strike akawa kocha, akaiongoza timu ya Astralis kutwaa mataji manne makubwa kati ya 2017 na 2019. Kim Jeong-gyun wa Korea Kusini, ambaye uchezaji wake haukumpa jina, amekuwa kocha wa mabingwa wa dunia wa League of Legends mwaka 2013, 2015, 2016, 2024 na 2025. Mfano huu wa mwisho unaeleza hoja yetu yote: ukocha una kipaji chake na nidhamu yake, na haumkabidhi taji mtu kwa sababu alikuwa nyota.

Huenda msomaji wa Katavi, mkoa ulioishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za mafuta, akaona habari hizo ziko mbali naye. Haziko mbali kama zinavyodhaniwa; simu imefika kabla ya uwanja, na mtoto anayekaa saa sita mbele ya skrini bila mtu wa kumwekea kiasi anahitaji ulinzi kama anayekimbia juani bila maji. Mamlaka ina nafasi adimu ya kuanza mapema. BMT inaweza kuweka sasa, kabla fedha na walanguzi hawajaingia, masharti ya nani anaruhusiwa kuwafundisha watoto mchezo huu, kwa muda gani na chini ya usimamizi wa nani. Ikisubiri, itafanya lile lililofanyika kwenye soka: kuweka kanuni baada ya mazoea mabaya kuota mizizi.

Mchezaji mwenyewe hatuwezi kumwachia asiguswe. Kizazi cha Mbwana Samatta na Simon Msuva kimeipa nchi heshima ambayo hakuna kizazi kilichotangulia kilichoipata nje ya mipaka, na baada ya miaka si mingi kitakuwa nje ya uwanja. Wajibu wa kila mmoja wao, na wa kila aliyecheza chini yao, ni kuanza kusoma akiwa bado anacheza, kukubali kuanzia timu za watoto badala ya kudai timu ya wakubwa, na kukaa darasani pamoja na mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kuifungia timu yoyote, bila kujiona amedhalilishwa. Anayeona ngazi ya D ni ndogo kwake ametangaza mwenyewe kuwa hayuko tayari. Nchi inadaiwa na wachezaji wake, lakini malipo ya deni hilo hayawezi kuwa watoto wa wengine.

Yanayotakiwa, basi, yako wazi. TFF itangaze mpango wa kozi za leseni D kwa kila wilaya, wenye tarehe, bajeti na wakufunzi wanaotajwa, ukianza na mikoa iliyoachwa nyuma kama Katavi. Ipunguze ada kwa walimu, wanawake na wachezaji wa ligi za mikoa, ikague leseni za benchi zote bila kumwogopa mkubwa, na iadhibu klabu itakayobainika kuazima jina. BMT iwe na rejesta ya makocha wa kila mchezo, iliyo wazi kwa mzazi yeyote kuikagua. Wizara iiwezeshe Malya. Halmashauri ya Tanganyika, na nyingine zote, zimtake ofisa michezo atoe taarifa kwa Baraza la Madiwani kila mwaka: kata kwa kata, nani anafundisha, amefuzu wapi, na watoto wangapi wako chini yake.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya au mkopo kutoka nje. Yanahitaji viongozi wakubali kuulizwa. Gazeti hili litauliza, na litauliza kwa kipimo kimoja: iwapo msimu ujao wa mashindano ya shule mzazi wa Kasekese ataweza kumtaja kwa jina kocha aliyefuzu anayekaa na mwanawe. Asipoweza, waliokabidhiwa kazi hiyo watakuwa hawajaifanya, na itakuwa halali kwa wananchi kudai wapewe watakaoifanya.